Kile Anne-Marie Anaenda Kujifunza Bulaya

Citoyen chef ya quartier yetu, mutaa ya Cimpunda. Padri ya parokia, mwenye kutuazima hii sale ya mikutano. Citoyen Profesere Évariste, pamoja na wote wa laboratwari mulioteremuka leo kwa njia ya Kavumu. Wazee wa familia mulioacha mashamba ku Mudaka, na mbele yenu Papa Constantin, kaka mukubwa wa marehemu bwana yangu. Wamaman wa soko ya Kadutu. Majirani, wakristo na waislamu. Wageni tuliowaalika, na ninyi ambao hatukuwaalika lakini harufu ya sombe imewaleta: jambo yenu, jambo yenu wote.

Na watu wa nyumba yangu nao nawasalimia, hata kama tumeamuka pamoja asubuhi. Jambo, Koko Monique, mama mukwe yangu, uliyebebwa mpaka hapa juu ya kiti. Ukisikia baridi, inua mukono tu, kitenge iko. Jambo, Virginie binti yangu, uliyepika tangu jana na hukulalamika, ao ulilalamika kidogo na mimi nikajifanya sisikii. Jambo, Pascal, mutoto wangu wa mwisho. Toa hiyo kofia, uko mu sale ya Padri. Jambo na wewe Léopold, bwana yangu, mu udongo ya Mudaka: nakusalimia mbele ya watu, juu hii siku ni yako pia. Na jambo, Anne-Marie, mwanangu wa kwanza. Ku karatasi ya État, ya serikali, wanakuita Citoyenne Nabintu, na kesho ku ndege watakuita vile. Leo bado uko Anne-Marie wangu. Usilie sasa, ukianza wewe, na mimi nitaanza, na hii maneno hakuna mutu atakayeimaliza.

Mimi sikusoma mingi, munajua. Masista walinifundisha kuandika jina yangu na kusoma katekisimu, kisha mama yangu akagonjwa na nikarudi shamba. Haya nimesema mimi, Virginie ameyaandika, na sasa nayafuata na kidole. Nikipoteza mustari nitasema tu vile inakuja.

Sababu tuko hapa munaijua. Kesho Anne-Marie anapanda ndege ku Kavumu, anaenda Kinshasa, na toka Kinshasa anaenda Bulaya, kwa Wabeleji, kusoma miaka. Na munajua tena kwamba kuko jambo moja halijafanyika. Kwetu, mutoto akienda mbali, mukubwa wa upande ya baba anaonja kasiksi, pombe ya ndizi, yeye wa kwanza, kisha anatia kibuyu mu mikono ya mutoto, na mutoto anakunywa. Akienda bila ile, hakusafiri: ametoroka. Papa Constantin, wewe ndiye mukubwa. Hujasema ndiyo. Na hapana nayo hujasema. Umefika, asante, umekaa na kofia juu ya magoti, kibuyu iko mbele yako, na watu wote hawa wana kiu juu yako. Mimi sikukimbizi. Wacha nishukuru watu kwanza, kisha utaona mwenyewe.

Kwani nani anaweza kusema mutoto anasomeshwa na mama yake peke yake? Mimi ninauza sombe, majani ya muhogo, na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, ku soko. Sombe inaweza kuvalisha mutoto, inaweza kumulisha, lakini inaweza kumufikisha ku mikroskopi? Wale waliomufikisha wako hapa ndani, na wengine hawajui hata wao wenyewe kwamba walimufikisha.

Mwanzoni, watu wakiniuliza mutoto wako anasoma nini, nilijibu: anasoma minyoo ya tumbo. Sikudanganya. Lakini mu Cimpunda, mama gani atasikia neno munyoo asifikirie dawa? Haikukawia. Wamaman wakaanza kuja na watoto wenye matumbo makubwa, wakakaa mu kiwanja yangu sawa ni siku ya kupima watoto. Wengine wakaleta munyoo yenyewe, mu kopo ya maziwa, imefunikwa vizuri na jani ya ndizi. Kuko mumoja iko hapa, simutaji, anajijua. Aliinua kopo yake juu ya vichwa ya wengine: "Anne-Marie, anza na ya kwangu. Iko dume, angalia mukia yake imepindika sawa ndoana." Na ilikuwa dume kweli. Yule mama ana macho.

Anne-Marie hakumufukuza mutu. Aliwakusanya wote, akawapeleka ku dispensaire ya masista, akasimama nao ku mustari mpaka mutoto wa mwisho akakunywa dawa. Wakati alirudi, aliniambia: "Mama, usiwaambie tena mimi ni muganga." Nikamuuliza sasa niwaambie nini. Akaniambia kile anajifunza, na jina yake. Nikamujibu hiyo, mwanangu, mimi siwezi kuisema ku soko.

Nitajaribu kuwaeleza vile alinieleza, siku moja tukitwanga sombe pamoja. Profesere Évariste, nikikosea, kohoa.

Kwa kila munyama, alisema, kuko kile kinachotoka kwa dume kinaenda kwa jike, ndipo mutoto. Kile kitu, kwa mutu, kwa ng'ombe, kwa samaki, kina mukia, kinaogelea. Cha munyoo hakina mukia. Kiko sawa tone ya uji, na kwa upande moja kinatoa kama muguu laini, bila mufupa, na kwa ule muguu kinatambaa. Kuko vitu vingine vidogo mu mwili yetu, hata mu damu, vinatambaa vile, na vyenyewe vinatumia proteini fulani, ile ambayo iko hata mu musuli ya mukono. Lakini kile cha munyoo hakitumii ile. Kina proteini yake, ingine kabisa, inapatikana kwa minyoo tu, na iko mingi ndani yake kupita zote. Wenye elimu wanafikiri ndiyo yenye kukitembeza. Wanafikiri. Namna gani, hawajajua bado.

Profesere hajakohoa. Mungu asifiwe.

Mimi, siku ile, neno proteini nilikuwa nalijua ku masista: maharagi, soya, samaki sambaza. Nikamuuliza basi, hiyo ya munyoo inaliwa? Alicheka mpaka akaacha mutwangio. Nikamuuliza tena: inasaidia nini? Nilitaka aniambie dawa, sikatai. Nilitaka niende ku soko niseme dawa. Aliniambia, "Mama, sijui bado. Labda siku moja mutu akijua namna munyoo anazaa, atajua namna ya kumuzuia asizae. Lakini siwezi kukuahidi." Nilikasirika kidogo, kisha nikafikiri: mimi na Léopold tulimufundisha asiseme uongo. Sasa ananifanyia mimi ile tulimufundisha.

Papa Anaclet, simama watu wakuone. Huyu ndiye anachinja nguruwe ambazo munakula siku ya sikukuu. Ku munyoo iliyokufa, kile kitu hakitembei. Ikishikwa na baridi, hakitembei. Ikipigwa na hewa mingi, hakitembei tena vizuri. Munyoo inapashwa kutoka mu nguruwe ikiwa moto, iingie mu maji ya chumvi yenye joto ya tumbo, na ifike ku laboratwari na joto ileile. Laboratwari iko mbali, gari yao mara nyingi haina mafuta, na Anne-Marie iko kule anangoja. Nani atazipeleka? Papa Anaclet alikuwa anatenga matumbo kwa upande mbele ya kazi yake ingine yote, anachagua dume na vidole vyake, polepole, mutu mwenye mikono ile munaona. Na alikuwa anatuma mutu ku meza yangu ku soko kunitangazia mbele ya wateja: "Maman Georgette, mabwana-arusi wako wamefika." Papa Anaclet, wateja waliuliza maswali mingi. Lakini asante. Hukukosa hata siku moja, na kitu ya kukufidia hatukuwa nayo.

Sasa, joto inabebwa na nini? Na termosi. Na termosi nzuri, mu avenue yetu, ilikuwa kwa nani? Kwa Kulthumu, jirani yangu, bibi ya Ramazani. Ile termosi kubwa yenye maua nyekundu, bwana yake aliileta toka Uvira, na kwa Ramadhani watu wote wa upande ile walikunywa chai yake. Nilisimama ku mulango yake nikazunguka: habari ya watoto, habari ya Papa Ramazani, habari ya muguu yake, mvua ya mwaka huu. Akaniambia, "Georgette, sema." Nikasema. Minyoo. Ya nguruwe. Mu termosi yako.

Aliangalia termosi, akaniangalia mimi, akaangalia termosi tena. Nilianza kurudi nyuma niende. Akaenda kuikamata mwenyewe, akaipanguza na kitambaa safi, sawa vile unapanguza mutoto unayemupa kwa shangazi yake, akanitia mikononi. Akasema: "Chukua. Lakini isirudi hapa."

Na kesho yake, alituma binti yake aniulize kama minyoo ilifika ikiwa na joto.

Kulthumu, dada yangu, nitakushukuru namna gani? Kuku za leo zimechinjwa na bwana yako mwenyewe, mu kiwanja yake mwenyewe, na zimepikwa mu chungu ambayo hawajapikia kitu ingine. Mukule bila wasiwasi. Na chai yenu iko mu termosi mupya. Harufu yake ni ya duka tu.

Ile ya kwanza ndiyo nilikuwa nabeba. Ku mukono ilikuwa inagongagonga, maji inamwagika. Basi nikaifunga mugongoni na kitenge, chini ya joto yangu, sawa mutoto. Juu ya kamiyo, lori ya wasafiri, wamaman walinipa nafasi. Mumoja alisema, "Mutoto wako analala vizuri." Nikajibu, anapenda joto. Alitaka kumuona, nikasema ana surua. Eh, Padri, hiyo nilikwisha kuungama.

Lakini ku barrière moja, kizuizi ya njia, askari alinishusha. Aliona kitenge inakaa vibaya, akafikiri nimeficha pombe kali. Akaniambia nitoe. Nikatoa termosi. Akacheka, akaita wenzake, akafungua, akaingiza pua. Munaona minyoo ya nguruwe? Zile ndefu, nyeupe, zinajizungusha? Sura yake iligeuka rangi ya majivu. Aliniuliza na Lingala nini oyo, hii ni nini; nikajibu ni ya masomo ya mutoto. Akafunga yeye mwenyewe, vizuri sana, akanirudishia na mikono mbili. "Leka, maman. Leka noki." Ni kusema: pita, pita mbio. Na toka siku ile, ku barrière ile, sikuguswa tena. Wakiniona mbali wanainua muti.

Mumecheka. Na mimi nacheka leo. Lakini ile kicheko ilipanda kamiyo ikafika Mudaka mbele yetu.

Siku ya matanga ya shangazi ya watoto wangu, familia yote ikikaa, kijana mumoja akauliza mbele ya wazee: huyo dada yetu, kwa kweli, anatafuta nini mu matumbo ya nguruwe? Anne-Marie alijibu vile anajibu ku masomo, macho mbele, akataja kile kitu kwa jina yake kamili. Kisha vijana wakaanza kucheka chini-chini, wakatiana viwiko, na mumoja akasema siku ya posa waongeze mikroskopi ku mahari. Papa Constantin alisimama, akakamata kofia yake, akatoka.

Nilimufuata mpaka ku migomba za nyuma. Aliniambia, na sitabadilisha neno: "Georgette, ndugu yangu aliniachia binti. Hajaolewa. Anaamuka asubuhi kuangalia mambo ya dume. Watu wakija kumuposa, nitawaambia nini? Na wewe unabeba ile kitu mugongoni."

Wazee wa Mudaka, ndugu wageni, nawauliza: nilipashwa kukasirika? Mimi sikuweza. Wakati Léopold alikufa na homa, nani alikuja na mufuko ya maharagi kwa mabega, mvua ikimupiga? Nani alisema mutoto hataacha masomo, wakati wengine wa familia walisema binti ameisha kujua kusoma, inatosha? Nani aliuza ng'ombe yake ya mwisho Anne-Marie aingie ku université, na akasema imekufa na ugonjwa, ili tusijue? Papa, tulijua. Ng'ombe ile tuliiona ku Kavumu, nzima, inakula majani, kwa mutu mwingine. Hatukukuambia. Leo nakuambia mbele ya watu: asante.

Mutu aliyefanya vile, akiogopa kicheko kwa mutoto, hamuchukii mutoto. Nilijua. Lakini nilijua tena kwamba Anne-Marie hawezi kwenda bila kibuyu yako. Aliniambia mwenyewe: "Mama, nitaenda, juu bourse, feza ya masomo, iko. Lakini nitakuwa mutu wa nani kule?" Munaona sasa usingizi yangu ilienda wapi.

Basi namushukuru Profesere Évariste. Huyu mutu mukubwa, mwenye vitabu, alisikia habari, akakuja Mudaka. Hakukuja na maneno ya kufundisha wazee. Alikaa, alikula bugali, alisifu migomba, aliuliza habari ya mvua, na hakutaja munyoo hata kidogo. Wakati ya kuaga tu, mukono mu mulango ya gari, alisema: "Papa, kesho kuko nafasi moja mbele." Na akaenda kulala kwa rafiki ili asubuhi apite tena. Kesho yake, Papa Constantin alikuwa ku barabara, amevaa koti ya misa.

Mimi nilikuwa mu laboratwari siku ile. Nilikuwa nimefikisha termosi. Anne-Marie alikuwa amevaa ile nguo nyeupe. Akaweka kitu chini ya mikroskopi, katika kisanduku kidogo chenye joto, akarekebisha, akasema, "Papa mukubwa, jicho hapa."

Aliangalia wakati murefu. Tulifikiri haoni. Kisha akauliza mukia iko wapi. Anne-Marie akamuambia hakina. Akauliza: "Sasa kinatembea juu ya nini?"

Na mwanangu akamujibu: "Juu ya mbao, papa mukubwa. Sawa wewe na papa ku njia ya Mwenga."

Ninyi ambao hamukujua: Léopold alikuwa shofere ya kamiyo, na huyu mukubwa wake alikuwa musaidizi wake. Wakati ya mvua, ku njia ya Mwenga, kamiyo inazama mpaka tumbo. Basi musaidizi anaingia mu matope na mbao. Anazipanga mbele ya magurudumu. Kamiyo inapanda juu yake, inasogea kidogo. Anachomoa zile za nyuma, anakimbia nazo mbele, anazipanga tena. Mbao ni zilezile. Njia inakwisha nyuma, inaanza mbele, na kamiyo inapita pahali pasipo na njia. Watoto wangu walikua na hizi hadithi; ni Papa Constantin mwenyewe alizisimulia, jioni ya siku za sikukuu.

Anne-Marie akamueleza kwamba mu ule muguu laini, ile proteini inajipanga mbele, moja kwa ingine, sawa mbao, na nyuma inajichomoa, na kile kitu kinaenda. Hivyo wanafikiri. Papa Constantin hakutoa jicho. Akauliza: "Na nani anabeba mbao?"

Nilimuona mwanangu anasimama wima. Akasema: "Hiyo ndiyo hakuna mutu anajua. Ndiyo naenda kutafuta."

Nitawaambia kitu. Miaka yote ile, kamiyo ikifika Mwenga, watu walimupigia mikono shofere. Bwana yangu walimupa nyama, walimupa kiti. Yule aliyetoka mu matope mpaka shingo, walimuonyesha pahali pa kunawa. Mimi mwenyewe nilikuwa nauliza: Léopold, njia ilikuwa namna gani? Sikuwahi kusikia mutu hata mumoja anauliza lile swali la mbao, mpaka siku ile ku mikroskopi, na ni yeye mwenyewe aliuliza.

Akatoka inje, akakaa ku ngazi, akaomba maji. Ku njia yote ya kurudi hakusema. Profesere hakusema. Na mimi, munijue, kunyamaza ku njia yote ile ilikuwa kazi kupita kubeba termosi.

Sasa karatasi ya Virginie imekwisha; hapa chini ameandika tu: "Mama, usilie." Papa Constantin, mimi ni muke ya mudogo wako, siwezi kukamata kibuyu mbele yako, na siwezi kukuambia fanya. Nimeshukuru kila mutu na nimekuacha wewe mwisho, juu asante yako ndiyo kubwa. Ukikataa, bado nitakushukuru. Lakini nakuomba neno. Ndiyo ao hapana, tulisikie, mutoto aende akijua.

Anasimama. Mumupe nafasi, mutoe hiyo benchi.

Wale wa nyuma hamusikii, narudilia. Anasema tangu nimeanza kusema hapa anahesabu ni mara ngapi nimesema "kile kitu". Anasema: "Georgette, unazunguka. Anne-Marie hakuzunguka ku matanga. Kama sisi wenyewe tunaficha, wanaocheka wana haki ya kucheka. Mimi siwezi kumupa kibuyu mutoto anayeenda kujifunza kitu kisicho na jina. Aseme yeye, hapa, kwa sauti, mbele ya familia yake, ni nini anaenda kujifunza. Kisha nitaonja."

Simama, mwanangu. Acha kunyonga hicho kitambaa. Sema.

Mumesikia? Ku mulango mumesikia? Amesema: "Naenda kujifunza proteini inayotembeza mbegu ya dume ya munyoo." Na mimi mama yake, mwenye sombe, mu sale ya kanisa, Padri anisamehe, nasema na mimi: mbegu ya dume ya munyoo. Narudilia kwa wamaman wa soko, ili kesho musiniulize: mbegu ya dume ya munyoo. Nani amecheka? Pascal tu, na Koko amekwisha kumupiga kiwiko.

Anaonja. Muone wote, anaonja.

Anne-Marie, magoti chini. Mikono mbili. Papa anasema: "Wakikuuliza kule, jibu hivyo hivyo." Kunywa, mwanangu. Kunywa mingi, usinywe sawa Muzungu.

Haya. Mufungue chupa. Muko na haki.

Ngojeni, sijamaliza, nimebakiza neno ya mama. Anne-Marie, ukifika, tuma habari mbio. Usingoje mpaka upate jambo kubwa ya kuandika. Mimi sitaki jambo kubwa. Andika tu umefika, umekula, miguu haina baridi, na unalala ku chumba yenye kufungwa. Mupatie mutu wa kwanza anayerudi Kavumu, hata kama humujui, mimi nitamujua. Andika juu ya bahasha jina ya Papa Constantin pamoja na yangu, ili isomwe Mudaka na Cimpunda siku ileile. Na kama umepata nani anabeba mbao, andika hiyo mbele ya salamu.

Ninyi wote mulioniazima masikio yenu wakati kiu iliwashika, asanteni. Mungu awalinde ku njia ya kurudi. Mukule sasa.